Tulivyoutafuta Ukweli Tukapata "Ukw"

Mpenzi msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa mashairi (najua ndiko unakokwenda), hebu nikuibie dakika chache nikusimulie habari za tarakilishi ya tatu kutoka mlangoni, ile iliyobandikwa karatasi: HAZINA YA METHALI, USIZIME. Wengi wenu mnadhani ni ya mwalimu. La hasha! Ni mali ya Chama chetu cha Kiswahili. Ndani yake mna methali, misemo na vitendawili zaidi ya mia tisa ambavyo wanachama wamekuwa wakivikusanya kwa wazee wa mitaa yetu tangu mwaka wa 2016. Kila methali ina kadi yake: methali yenyewe, maana yake kama mzee alivyoieleza kwa kinywa chake, mahali iliposemwa, na mwaka. Methali utazipata hata vitabuni. Yale maelezo ya wazee ndiyo hayapatikani popote pengine chini ya jua.

Aliyeijenga hazina hii ni kaka mmoja aliyekuwa Kidato cha Nne mwaka huo wa 2016. Sikuwahi kumwona, ila nimesoma kazi yake mstari kwa mstari na namvulia kofia. Kazi yenyewe ni kurasa za wavuti zinazofunguka katika kivinjari bila kuhitaji intaneti, na hilo ni jambo kubwa, maana intaneti ya shule yetu ni kama mvua ya Januari. Ukiandika neno pale juu, kadi zenye neno hilo zinajipanga chini.

Kazi ya kutafuta haikuandikwa na kaka huyo. Aliipachika ndani ya kurasa zake programu ndogo iliyokwisha kuandikwa na mwingine, aina ya kitu ambacho wataalamu hukiita maktaba. Hiyo inaitwa Lunr, nayo iliandikwa na Oliver Nightingale kwa lugha ya JavaScript. Jina lake lina utani. Iko injini kubwa ya kutafuta iitwayo Solr, iliyojengwa juu ya Lucene ya Doug Cutting ya mwaka wa 1999. Ukilitamka jina Solr kwa Kiingereza linasikika kama neno la habari za jua. Basi mwenzetu akaiita yake kwa jina linalosikika kama la mwezi: inafanana na Solr, ila ni ndogo na haiwaki sana. Mimi nikasema, kwa chumba chetu chenye mashine kumi na mbili, mwezi unatosha.

Inavyofanya kazi si uchawi. Fungua kitabu cha Jiografia ukurasa wa mwisho, utaona faharasa: neno, kisha kurasa lilipo. Lunr hufanya hivyo hivyo. Husoma kadi zote mara moja, ikaandika orodha ya kila neno na kadi lilimo. Ukiuliza, haisomi kadi tena. Inatazama orodha tu. Ndiyo maana jibu linakuja kabla hujakunja kidole.

Sasa, toleo alilotumia kaka yule lilikuwa la kwanza. Mwaka wa 2017 mwandishi wa Lunr aliiandika upya akatoa toleo la 2, na mwaka wa 2020 likatoka la 2.3.9. Sisi tukabaki na la kwanza miaka yote. Lilikuwa linafanya kazi, kwa hivyo nani angejisumbua?

Aliyetusumbua ni dada mmoja wa Kidato cha Kwanza. Alikuja Jumatatu saa za chakula cha mchana, macho mekundu, akasimama mlangoni kama anayeogopa kuingia. Tulipomkaribisha akatueleza kwamba babu yake amefariki na mazishi ni Jumamosi. Babu huyo alikuwa amemwambia kwamba zamani wanafunzi wa shule hii walimtembelea wakaandika methali yake pamoja na maelezo yake. Dada alitaka maelezo hayo ayasome mazishini.

"Methali yenyewe ilikuwa gani?" nikamwuliza.

"Sijui kaka. Alisema tu ilikuwa ya mambo ya kulea."

Tukaandika "kulea". Zikaja kadi nne, zote za akina nyanya. Tukaandika "lea". Hakuna. Tukaandika "mtoto", zikaja chungu nzima, na hakuna hata moja aliyoitambua. Jina la babu halikuwemo, kwani aliyeandika kadi miaka hiyo alizoea kuandika "mzee mmoja" akaendelea na safari yake. (Ningemjua ningemwambia jambo. Mzee anakupa hazina yake, wewe unamwita "mzee mmoja"!) Dada akaanza kuzisoma kadi mia tisa moja baada ya nyingine. Alifika karibu ya mia mbili kengele ikalia. Shule yetu ni ya kutwa. Saa kumi jioni yeye hupanda matatu kwenda kwao mbali, hawezi kubaki.

Kwa nini toleo la kwanza lilishindwa? Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapoingia. Toleo lile likiona "lea" lilitafuta maneno yote yanayoanza kwa "lea". Kwa Kiingereza hilo linafaa, kwa sababu maneno yao mengi hubadilika mkiani. Kiswahili hubadilika kichwani, na mara nyingi kichwani na mkiani pamoja. Anayetafuta "soma" anataka pia "anasoma" na "walisoma". Anayetafuta "lea" anataka "mlea", "aliyelelewa" na hata "umleavyo". Mzizi umejificha katikati kama mbegu ndani ya embe. Toleo la 2 lina kitu ambacho la kwanza halikuwa nacho: alama ya nyota inayosimama badala ya herufi zozote, mwisho wa neno, katikati, au hata mwanzo.

Jumanne tulifanya mkutano wa chama. Nikatoa hoja kwamba tuhamie toleo la 2. Mweka hazina wetu akasimama, na yeye ni mtu wa methali kweli kweli: "Mheshimiwa mwenyekiti, usiache mbachao kwa msala upitao! Hiki tulicho nacho kinafanya kazi. Huyu ndugu akikivuruga, wiki ijayo hatuna hiki wala kile."

Makofi yakapigwa. Nami sikuona kwamba anasema upuzi. Nilikuwa nimeusoma mwongozo wa kuhama, ambao mwandishi mwenyewe ameuandika waziwazi, nikajua kwamba mambo manne yatabadilika. Faharasa ya zamani iliyohifadhiwa haitasomeka tena, lazima ijengwe upya. Faharasa mpya ikishajengwa haiongezwi kitu wala haipunguzwi, na ukurasa wetu wa kuongeza methali ulitegemea kuongeza papo hapo. Zamani maneno yote uliyoandika yalilazimika kuwemo katika kadi. Sasa moja tu likiwemo, kadi inaletwa. Tena ule utafutaji wa mwanzo wa neno haujifanyi wenyewe tena, lazima uweke nyota.

Nikawaambia hayo yote. Nikasema pia kwamba nitafanya kazi katika nakala, kwa mashine ya nne, na ile ya tatu haitaguswa mpaka chama kiridhike. Mwalimu mlezi akauliza jambo moja tu: "Na huyu mtoto wa Kidato cha Kwanza, mbachao wetu umemfunika?" Kimya. Kura zikapigwa, tukapita kwa kura tatu.

Jumatano nilianza kwa kujenga faharasa upya. Hilo lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhania. Kadi zenyewe zimo katika faili moja, na tarakilishi ilizisoma zote kabla sijavuta kiti. Kwa hivyo suala la kuongeza methali mpya likajitatua: ukiongeza moja, zote zinasomwa tena tangu mwanzo, na hakuna anayehisi. Ingekuwa ni maktaba ya vitabu laki moja ningelia.

Kisha nikaandika "mtoto na mzazi". Toleo la zamani lilikuwa likinipa kadi tatu. Jipya lilinimwagia kadi zaidi ya mia tano! Kwani "na" iko wapi isipowepo? Lunr inazo orodha zake za maneno madogo ya kuachwa, lakini ni ya Kiingereza. Inajua kutupa "the" na "and", haijui "na", "ya", "wa", "kwa". Hata hivyo zile kadi tatu zilikuwa juu kabisa, na nilipenda kujua sababu. Neno lililo kila mahali hupewa uzito mdogo, na lililo adimu hupewa uzito mkubwa. Wazo hilo lilitolewa na mama mmoja Mwingereza, Karen Spärck Jones, mwaka wa 1972, na mpaka leo injini za kutafuta zinalitumia. Ni kama darasani. Anayepiga kelele kila siku mwalimu humpuuza, ila yule mkimya akinyosha mkono wote tunageuka.

Dawa ilikuwa mbili. Niliandika orodha yetu ya viunganishi vya kuachwa, na nikaufanya ukurasa uweke alama ya kujumlisha mbele ya kila neno linalobaki, ambayo katika toleo jipya humaanisha "lazima liwemo". Kadi zikarudi kuwa chache.

Alhamisi saa za mchana dada alikuja. Nikaandika *lea*, nyota huku na nyota huku. Zikaja kadi ishirini na kitu. Ya kwanza kututazama usoni ilikuwa "Ukiona vyaelea jua vimeundwa", tukacheka, kwa maana "elea" nayo ina "lea" tumboni. Ikaja "Mchelea mwana kulia hulia yeye", ambayo iliingia kwa bahati lakini inahusu malezi kweli. Chini yake zikaja tatu za "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo", zilizotolewa na wazee watatu mbalimbali. Dada alisoma ya kwanza akatikisa kichwa. Alisoma ya pili polepole, kisha akaweka mkono mdomoni.

Kadi hiyo ilisema hivi: "Mzee mmoja alieleza kuwa ngozi hunyooshwa ingali mbichi. Ikishakauka ukiilazimisha itapasuka, nawe utasema ngozi ni mbaya. Mtoto naye usimngoje akauke."

"Ni yeye," akasema. "Babu alikuwa fundi wa viatu."

Hatukusema kitu. Mweka hazina ndiye aliyemnakilia maneno yale katika karatasi, kwa mwandiko wake mzuri ule wa vyeti. Kisha nikafungua kadi na tukafuta "mzee mmoja" tukaandika jina la babu.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Bado! Chama kiliomba nyota ziwekwe zenyewe ili mtu asisumbuke, na ikawa hivyo: ukiandika neno lolote, ukurasa unalizungushia nyota pande zote. Tukakaa raha mustarehe wiki mbili. Halafu akaja kijana wa Kidato cha Pili aliyekuwa akijiandaa kwa mjadala, akaandika "ukweli". Hakuna kitu. Akaandika tena. Hakuna. Akageuka akapaza sauti chumba kizima kisikie: "Jameni, shule hii haina ukweli!"

Na mimi najua kwa hakika kwamba tunayo "Ukweli ukidhihiri uongo hujitenga", kwa sababu niliileta mwenyewe kutoka kwa nyanya yangu. Akaandika "kweli", na hapo zikaja "Msema kweli hana wenzake" na nyinginezo, lakini ya nyanya haikuwemo. Walahi nilikosa usingizi. Siku ya pili nilifungua faharasa yenyewe nikaitazama kwa macho, neno kwa neno, na katika herufi U nikakuta neno ambalo halimo katika kamusi yoyote ya dunia hii: "ukw".

Kumbe ndani ya Lunr mna mkataji. Kabla neno halijaandikwa katika faharasa, mkataji hulikata mwisho ili maneno ya jamii moja yakutane, kama vile "played" na "playing" kurudi kuwa "play". Kanuni zake zilitungwa na Martin Porter wa Uingereza mwaka wa 1980, na ni kanuni nzuri sana, kwa Kiingereza. Sasa mkataji huyu alipokutana na "ukweli" aliona mwisho wa "eli", na kanuni yake moja inasema "eli" igeuzwe kuwa "e". Likawa "ukwe". (Tazama, karibu tupate mkwe!) Kanuni ya mwisho ikasema "e" ya mwishoni iondolewe. Likabaki "ukw". Lakini "kweli" lilinusurika, kwa maana ukiondoa "eli" hubaki "kw", na mkataji hakati mpaka aone kuna irabu katika sehemu inayobaki. "Asome" naye alikatwa akawa "asom", na "mwenye" akawa "mweny".

Utauliza, mbona miaka yote hatukuona? Kwa sababu zamani neno unalouliza nalo lilikatwa vilevile: "ukw" ikatafuta "ukw", zikakutana gizani, zikakuletea kadi. Katika toleo jipya neno lenye nyota halikatwi. Linakwenda likiwa zima, "ukweli", kumtafuta ndugu yake aliyekatwa miguu, wasitambuane. Kwa kweli sioni kwamba kuna wa kulaumiwa. Mkataji aliajiriwa kwa kazi ya Kiingereza, sisi ndio tuliomleta shambani mwa Kiswahili tangu 2016 na hakuna aliyemwuliza jembe lake ni la udongo gani. Toleo jipya lilituonyesha tu alichokuwa akikifanya.

Kumwondoa kulichukua mistari miwili, mmoja wa upande wa kujenga faharasa na mwingine wa upande wa kuuliza. Ukweli ukarudi mzima.

Sasa kumwondoa mkataji wa Kiingereza si sawa na kumpata wa Kiswahili. Nyota husaidia lakini ni kipofu. Ukitafuta *kua* utapata "akuavyo", vyema, lakini utapata na "chukua". Ukitafuta *lea* hutapata "mlezi" hata ukeshe, ingawa mlezi na kulea ni damu moja. Mwalimu wetu mlezi aliposikia kwamba yeye hapatikani katika hazina ya chama chake alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatuletea kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka wa 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, akatuonyesha jinsi vitenzi vilivyopangwa: mzizi mbele, na watoto wake wote chini yake, wa kutendea, wa kutendesha, wa kutendana. "Hawa hawakuwa na mashine," akasema, "lakini tatizo lenu walilijua."

Hapo ndipo tulipoamua jambo ambalo mweka hazina, yule yule wa mbachao, ndiye aliyelipendekeza. Kila kadi tutaiongezea mstari mmoja wa mizizi, kwa mkono. "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo": lea, kua. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu": sikia, vunja. Lunr inasoma mstari huo pamoja na mengine, kwa hivyo ukiandika "lea" unapata "umleavyo" na "mlezi" pamoja, na "vyaelea" tumezishusha chini. Tunakutana Jumatano na Ijumaa baada ya chakula, watu wanane, kadi kumi na tano kila mtu.

Sijapata kujifunza sarufi kama nilivyojifunza katika kazi hii. Darasani ukiulizwa mzizi wa neno unajibu ili upate alama moja. Pale mezani tunagombana karibu tushikane mashati. "Haba na haba hujaza kibaba": mzizi ni "jaza" au ni "jaa"? Wengine walisema anayetafuta ataandika "jaza". Wengine wakasema maji hujaa kabla ya mtu kuyajaza, kwa hivyo "jaa" ni mama. Tukaandika yote mawili. Lakini "mchelea" ilituchukua kipindi kizima. Mimi nilidai ni "chelea", basi. Katibu akang'ang'ania kwamba chelea yenyewe imetoka kwa "cha", yaani kuogopa au kuheshimu, kama mtu amchavyo Mungu. Kamusi ya 1939 ilipofunguliwa ikawa upande wake.

Mpaka ninapoandika haya tumefika kadi ya mia tatu na sitini. Anayetaka kusaidia aje Jumatano, alete kalamu, na ale kwanza, kwa maana mabishano ni marefu. Mashine ya tatu sasa inaendesha toleo jipya. Lile la zamani tumelihifadhi katika mashine ya nne, na mweka hazina huenda kulifungua mara mojamoja, ati kulijulia hali.